Bwana Afya Ana Sukari

Nyahanga, Kahama
Jioni, kesho unasafiri

Mwanangu Minza,

Nakuandikia nikiwa nimekalia gunia la pumba hapa kwenye mashine yetu ya kukoboa mpunga, kwa sababu nyumbani nimefukuzwa. Shangazi zako wamejaa mpaka juu ya kitanda changu, na nilipoingia kuchukua kalamu mmoja wao aliniuliza, "Wewe Baba Minza, unatafuta nini humu?" kama vile mgeni ni mimi. Wewe umekwenda kumuaga Mama Karim, na ninavyomjua Mama Karim, hatakuachia mpaka umemaliza sahani mbili za pilau na kukataa ya tatu kwa kuapa. Kwa hiyo nafasi ninayo.

Habari za kuchemsha maji, kushona chandarua kabla tundu halijawa dirisha, na kutopanda lori la mchanga hata kama dereva ni mjomba wako, mama yako amekwisha kukuambia, na shangazi zako wamerudia, kila mmoja kwa wimbo wake. Mimi sirudii. Nina jambo moja tu. Ila wanijua, jambo langu moja halisafiri peke yake, huja na ndugu zake.

Juzi mama yako ameniambia mliyozungumza jikoni. Amesema unafikiria kutokwenda Nyarugusu ulikopangiwa kufundisha. Kwamba utamwendea afisa elimu umwombe shule ya hapa hapa Kahama, kwa sababu za kifamilia. Nikamuuliza, "Sababu gani za kifamilia?" Mama yako alinyoosha kidole kwa paka aliyelala juu ya mzani, halafu akanigeuzia mimi. Kidole kile kile, Minza. Hata hakukibadilisha.

Sasa sikiliza. Mambo ya Bwana Afya wewe uliyasikia nusu nusu, maana yalianza ukiwa bado chuo cha ualimu, na katika barua mama yako alikuwa anaficha yale yanayomwaibisha yeye, mimi nikificha yanayoniaibisha mimi, hivyo kilichokufikia kilikuwa salamu tu. Leo nakupa habari nzima.

Ulimwacha akiwa paka wa kuogopwa. Jina lile walimpa wateja, kwa vile kila asubuhi alizunguka mashine nzima akinusa pembe na magunia, kisha akakaa mlangoni na kuwatazama watu kama anayetaka kuwauliza habari za vyoo vyao. Panya walihama wenyewe, bila kuambiwa. Watu walileta mpunga hapa wakaacha mashine ya karibu na kwao, kwa kuwa magunia ya hapa hayakutobolewa. Na kila aliyeleta mpunga alimletea naye kitu: dagaa, kipande cha andazi, wali wa maziwa. Akanenepa mpaka akawa anapita mlangoni kwa kufikiri.

Halafu akaanza kunywa maji. Alipanda kwenye pipa la maji ya kupoza injini, akainamisha kichwa, akanywa mpaka nikawa nahofia injini. Nikasema ni joto. Akaanza kukonda huku anakula kama mtu aliyetoka shimoni. Nikasema ni minyoo. Akaanza kutembea kwa visigino vya miguu ya nyuma, taratibu, kama mzee anayetafuta kandambili zake gizani. Hapo sababu zangu zilikuwa zimekwisha.

Siku moja nikaona sisimizi nyuma ya mashine. Si wachache. Walikuwa wamejipanga mstari kutoka kwenye mti mpaka penye alama ya mkojo, wanakwenda na kurudi kama watu wa mnadani. Nikachukua birika la maji ya moto niwamwagie. Mama Karim alikuwa amekuja kununua chenga za kuku wake, akapiga kelele:

"Baba Minza, usimwage! Nani amekojoa hapo?"

Nikadhani ananishtaki. "Si mimi, Mama Karim! Mimi naenda chooni."

"Sikusemi wewe. Ni nani?"

"Ni Bwana Afya."

Maskini, yeye alimjua Bwana Afya mmoja tu, yule wa serikali, mwenye baiskeli na kofia. Alishika ushungi wake kwa mikono miwili. "Bwana Afya? Mtu mzima, na kazi yake hiyo?"

Tulipoelewana, na ilichukua muda, aliinama akawatazama wale sisimizi kwa heshima kama anatazama watu anaowafahamu. Akasema, "Mkojo unaoita sisimizi una sukari ndani. Hata mimi walianza kunijia hivi hivi. Paka wako ana ugonjwa wangu."

Nilicheka, Minza. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Paka ana sukari! Niliwaita wateja waje wacheke pamoja nami. Mama yako peke yake hakucheka. Alimfuata Bwana Mifugo, akakuta hayupo, akaacha ujumbe kwamba Bwana Afya anaumwa sana na anahitaji sindano. Bwana Mifugo naye akatujibu kwa mdomo wa mteja mmoja kwamba yeye anatibu ng'ombe, na kama mfanyakazi mwenzake anaumwa, basi apelekwe hospitali.

Alipokuja hatimaye, alimpima kwa karatasi za Mama Karim za kupimia sukari, akakuna kidevu. "Kitabuni nimeusoma," akasema. "Kwa macho sijawahi kuuona. Paka wa huku hufa na mambo mengine kabla hajafikia huu." Hakujifanya anajua, na kwa hilo nilimpenda. Alikwenda kusoma tena, akarudi na jibu: insulini, uniti moja asubuhi na moja jioni, na wali wa maziwa na maandazi vikome. Dagaa na vipande vya nyama tu. Mama Karim, ambaye mwanawe humletea dawa zake kutoka Mwanza, alisema chupa moja kwake na kwa paka haitaleta ugomvi.

Majirani walituona wehu. Ngoshi huyu wa duka la vipuri aliniambia, "Mtupe huyo, chukua mwingine. Paka wamejaa." Ukweli ni kwamba mimi nilikuwa upande wake. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yako maneno hayo kama yangu. Alikuwa anachagua mchele, hakuinua hata kichwa.

"Sawa," akasema. "Na wewe ukiugua tukutupe, tuchukue mwingine?"

Nikaenda kutafuta sindano.

Chupa tuliihifadhi kwenye mtungi mdogo wa maji, imefungwa vizuri isilowe, maana friji la mafuta ya taa la dukani kwa Mama Karim lilikuwa limejaa soda na yeye hulifungua kila mteja anapopita. Siku ya kwanza niliitikisa chupa kwa nguvu, kama dawa ya kikohozi, Mama Karim akanipiga kofi la mkono. "Unaiviringisha mikononi! Hivi, kama unafinyanga tonge!" Siku ya pili nilivuta ngozi ya shingo, nikachoma, nikajipongeza. Kisha nikasikia harufu ya hospitali na kuona manyoya yamelowa. Sindano ilikuwa imeingia upande mmoja wa ngozi na kutokea wa pili. Nilikuwa nimelitibu koti lake. Bwana Afya alinitazama kwa huruma.

Lakini tulijifunza. Asubuhi mimi, jioni mama yako, au kinyume chake, kutegemea nani yuko karibu. Miguu ya nyuma ikaanza kunyooka. Akarudi kukagua magunia.

Sasa nafika pale ambapo mama yako alikuandikia "Bwana Afya aliugua kidogo, amepona." Haikuwa kidogo.

Alikuja rafiki yangu Mabula kutoka Nyarugusu. Huyu ndiye atakayekupokea kesho kituoni, kwa hiyo usimwambie kwamba yeye ndiye chanzo. Tulichimba dhahabu pamoja ujanani. Mimi nilirudi nyumbani na malaria, yeye akabaki na matumaini. Mtu kama huyo akikutembelea baada ya miaka, humwekei maharage. Mama yako alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nikamchinja yule jogoo wake mwekundu.

Naona unavyoshika mdomo. Ndiyo, yule. Aliyemlea kutoka kifaranga, aliyekuwa anamfuata mpaka kisimani.

Mama yako hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliacha tu kusema nami. Akawa anapitishia maneno yake kwa paka. "Bwana Afya, mwambie mwenye mashine uji umeiva." Nami sikutaka kuonekana nimeshindwa, nikajibu huko huko: "Bwana Afya, mwambie mwimba kwaya nimeshiba." Paka alikaa katikati akigeuza kichwa huku na huku, kama mkalimani aliyechoka. Mabula aliondoka mapema kuliko alivyopanga. Alisema shimoni kuna utulivu zaidi.

Jioni moja nikarudi, nikamchoma paka sindano yake, nikamlisha, nikatoka kwenda kufunga mkanda wa mashine. Mama yako akarudi kutoka sokoni, akamkuta amekaa, akamchoma sindano yake. Angemuuliza nani? Paka? Na paka ndiye pekee aliyejua, na yeye hakusema.

Nilikuwa bado nimeshika spana niliposikia mama yako akiita. Hakuita Bwana Afya. Aliita jina langu, lile la ujana, ambalo halitumii mbele ya watu. Nikakimbia. Nilimkuta amepiga magoti, paka amelegea mikononi mwake kama kitambaa, miguu inatetemeka, macho wazi hayaoni.

"Umemchoma?" akaniuliza.

"Nimemchoma."

"Na mimi nimemchoma."

Minza, hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya kwanza tangu jogoo.

Mama yako aliruka akachukua ile asali ya Ushirombo tuliyoletewa na shangazi yako, akachovya kidole, akampaka kwenye ufizi. Tena. Tena. Mimi nilishikilia taya nikimwomba Mungu kwa Kisukuma, maana kwa Kiswahili nilikuwa nimesahau. Paka alipomng'ata mama yako, mama yako alilia kwa furaha, "Ameuma! Ameuma!" Lakini bado alikuwa anayumba. Nikatoa baiskeli. Mama yako akapanda nyuma na paka ndani ya kapu na kibuyu cha asali mkononi, nikapiga pedali mpaka kwa Bwana Mifugo. Nyahanga nzima ilikuwa inajua tumenuniana. Ikatuona tumepanda baiskeli moja, mama yako amenikumbatia kiunoni kwa mkono mmoja, mkono wa pili unapaka asali ndani ya kapu. Nasikia Ngoshi alisema, "Hawa wamepatana mpaka wamepitiliza."

Bwana Mifugo alimhudumia, akakaa naye mpaka alipoweza kusimama. Kisha akatugeukia sisi. "Huyu hawezi kuendelea hivi," akasema. "Mnachoma bila kujua sukari iko wapi. Lazima mjifunze kumpima nyumbani kabla ya kumchoma. Na lazima," akatutazama mmoja mmoja, "msemeshane."

Njiani kurudi tulitembea, nikisukuma baiskeli. Nikamwambia mama yako samahani kwa ajili ya jogoo. Akasema, "Jogoo alikuwa wangu. Ungesema tu kwamba una mgeni, ningemchinja mwenyewe." Hakuwa amekasirikia nyama. Nilikuwa nimekaa na mke miaka yote hiyo bila kujua hilo, na mpaka nimelijua, nusura paka afe.

Basi ukamaliza chuo, ukarudi kungoja kupangiwa kazi, na haya mengine unayajua. Lakini wewe uliyaona ukiwa umeinamia sikio la paka. Ngoja nikusimulie yalivyoonekana kwa aliyesimama nyuma yako.

Sisi tulikuwa tumejaribu kumpima tukashindwa. Mimi nilimshika kama mwizi, naye alinishika kama mwizi. Wewe ulikaa chini, ukampakata, ukakanda sikio lake kwa kitambaa cha vuguvugu huku unamsimulia habari za chuoni, mpaka akafumba macho. Ukachoma pembeni mwa sikio, tone likatoka dogo kama kichwa cha pini, karatasi ikalinywa. Alikuwa bado anangoja mwisho wa hadithi. Nilikutazama nikawaza kwamba kuna watoto fulani huko duniani watafundishwa hesabu na mtu huyu na hawatasikia uchungu.

Kusoma rangi ndiko kulikotushinda wote. Unakumbuka? Unapangusa damu, unangoja, halafu unalinganisha na rangi za kwenye kichupa. Wewe ukisema kijani, mimi bluu, mama yako anasema kijani kinachokwenda bluu. Ikabidi wateja waitwe. "Kijani gani hiki, cha mpunga mchanga au cha kisamvu?" Yule mzee kutoka Ushirombo alikuwa anavua kofia kabla ya kutoa uamuzi wake, kama yuko barazani. Siku nyingine watu walibishana mpaka karatasi ikakauka na wewe ukasema, "Wazee wangu, wabejaga sana, asanteni, naomba sasa mrudi kwenye magunia yenu." Wakaondoka wanacheka. Mwalimu ulikwisha kuwa mwalimu, serikali ilichelewa tu kujua.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Ulinipa kile kisindano nijaribu mwenyewe. Paka alitikisa kichwa, nikajichoma kidole gumba, na kabla sijalia tone likaangukia karatasi. Karatasi zilikuwa chache, ukasema, "Tusiipoteze, Baba, tungoje tuone." Wewe ulidhani ni damu ya paka. Mimi nilijua siyo, lakini niliona haya kusema nimejichoma mbele ya wateja. Tukangoja. Rangi ikaanza kukolea. Ikakolea. Ikapita kijani cha mpunga, ikapita kisamvu, ikaenda mahali ambapo kichupa chenyewe kiliishia.

Mama mmoja akapiga yowe, "Bwana Afya anakufa!"

Wewe ulimgeuza paka, ukaangalia sikio. Ukaangalia la pili. "Baba," ukasema polepole, "huyu hana tundu."

Nikaficha mkono mfukoni.

"Baba. Hii damu ni ya nani?"

Nikasema karatasi imeharibika. Ukasema hapana. Nikasema hata kama ni yangu, karatasi hizi ni za paka, haziwezi kumpima mtu. Ukanijibu jibu ambalo bado wananitania nalo hapa: "Ni za watu, Baba. Paka ndiye anayeazima."

Mama yako alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, kwa sauti ndogo kabisa, "Wale sisimizi wa bafuni. Mimi nilidhani wanafuata sabuni."

Kila mtu alicheka, nami nilicheka kuliko wote. Lakini nikuambie kilichokuwa ndani. Babu yako alikufa na kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Sisi tulisema amerogwa. Tulimtafuta mchawi mpaka tukakosana na nusu ya ukoo. Alikuwa anakunywa maji usiku na mchana, kata baada ya kata, na hakuna aliyejiuliza. Siku ile nimesimama na kidole mfukoni nilimwona babu yako na kata yake ya maji, waziwazi. Ndiyo maana nilicheka sana. Ndiyo maana pia Jumatatu sikubishana uliponipeleka hospitali. Ulidhani umenishinda kwa hoja. Nilikuwa nimeshindwa tayari.

Daktari alinipa vidonge, akaniambia niache chai ya sukari na soda, nitembee, nitunze miguu. Nilimuuliza kama mke wangu atakuwa ananikamata ngozi ya shingo. Akasema bado hatujafika huko. Mama Karim alipopata habari alinifungulia mlango wa duka mwenyewe. "Karibu chamani, Baba Minza. Wengine tulirithi kwa shangazi. Wewe umeletwa na paka." Na tangu hapo sisi wawili, mimi na Bwana Afya, tunatunzwa kwa saa ile ile. Dagaa wake, vidonge vyangu. Yeye akilambalamba sahani ya mtu mwingine anafukuzwa, nami vivyo hivyo.

Hapo ndipo ulipoanza kunitazama, Minza. Nikinyanyua kikombe unatazama kikombe. Nikichechemea kwa sababu kiatu kinabana, unatazama mguu. Nakwambia kwa upendo: inachosha. Na naifahamu vizuri, kwa sababu niliwahi kuifanya mimi.

Nilipokuwa na umri wako nilipata nafasi ya kwenda kujifunza ufundi wa mitambo Mwanza. Mguu wa babu yako ukaanza, nikasema sitakwenda. Nilikaa kwa mapenzi, si kwa kulazimishwa. Kila asubuhi nilimkagua ule mguu kabla hata sijamwamkia shikamoo. Siku moja akauvuta ndani ya blanketi, akasema, "Mwanangu, ukiniangalia unaona mguu. Mimi mwenyewe uliniona lini?" Nikadhani ni maumivu yanasema. Baadaye aliacha kunisimulia hadithi zake. Alinisimulia mguu tu, kwa sababu ndicho nilichouliza. Nilikuwa naye mpaka mwisho, na bado kuna mambo mengi ya maisha yake niliyoyasikia msibani kutoka kwa watu wengine.

Sikwambii haya ili uhuzunike. Nakwambia kwa sababu nataka ukija likizo uniulize habari za mashine, na nani amegombana na nani, na kama bado naimba vibaya. Sukari yangu iulize mwisho, ukiwa unafunga mlango.

Nyarugusu utaona vumbi, na watu wanaoamini kwamba dhahabu ni kesho. Kila mmoja pale, kesho. Watoto wao watakuja darasani nusu wakiwa wamelala kwa sababu wamekesha wakiponda mawe. Usiwagombeze siku ya kwanza. Wapakate kwanza kwa maneno, unavyojua wewe. Mabula atakuambia kwamba mimi nilikuwa mchimbaji hodari. Mwamini kidogo, itamfurahisha. Na atakapokuja kukutembelea, mchinjie kuku, ila hakikisha ni kuku wako.

Sasa lile jambo langu moja. Leo saa ya dawa ilifika wewe ukiwa umekwisha kutoka kwenda kwa Mama Karim. Hukusahau, nakujua. Ulifikiri utarudi upesi. Mama yako akaja hapa mashineni, amewatoroka shangazi zako, mikono bado ina unga. Tukatazamana.

"Tumngoje Minza?" nikauliza.

"Kesho utamngoja Minza?" akaniuliza.

Nikapasha kitambaa kwenye bomba la moshi la injini. Mama yako akakaa chini akampakata. Nilijaribu kumsimulia paka hadithi kama unavyofanya wewe, lakini mimi hadithi za chuoni sina, nikamsimulia jinsi nilivyomchumbia mama yako, na mama yako akawa ananisahihisha kila sentensi. Walikuwa wanasikiliza wote wawili. Nikachoma. Sikio, Minza, si kidole. Tone likatoka. Mama yako akapangusa, tukangoja, tukanyanyua kichupa kwenye mwanga.

Akasema kijani. Nami nikasema kijani. Tukatazama mlangoni kumwita mtu wa kutuamua, halafu tukaona hatuna cha kuamuliwa. Akaviringisha chupa ya dawa mikononi, akachoma, akaniambia kwa sauti, "Nimemchoma," nami nikajibu kwa sauti, "Nimesikia." Kisha akanikabidhi kidonge changu, akanisimamia mpaka nikameza, akarudi kwa shangazi zako kabla hawajala mboga yote.

Ningeendelea, lakini nakusikia getini. Umeanza kuuliza kabla hata hujavua viatu, "Baba, mmempima? Baba, umekula?"

Tumempima. Nimekula. Nenda, mwanangu.

Baba yako